Mfumo wa zamani ungali unafanya kazi: uhamishwe au uachwe?

"Ndugu mteja, huduma zetu hazitapatikana kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya maboresho ya mfumo." Ujumbe wa namna hii umeshaingia kwenye simu nyingi vijijini. Wengi wetu huusoma, tukaufuta, tukalala. Asubuhi salio lipo kama lilivyokuwa jana, na maisha yanaendelea.

Lakini nyuma ya maneno "maboresho ya mfumo" mara nyingi huwa kuna uamuzi mzito. Programu iliyoandikwa miaka kumi, ishirini au hata arobaini iliyopita ingali inafanya kazi. Je, iandikwe upya kwa lugha mpya ya kompyuta, au iachwe ilivyo kwa kuwa haijamsumbua mtu? Katika makala haya tunaeleza jinsi uamuzi huo unavyopimwa, kwa nini hata benki kubwa za nchi tajiri zimewahi kuumia, na kwa nini jambo hili linamhusu mkulima anayeweka akiba kwenye SACCOS ya kata yake.

Kompyuta nayo ina lugha, na lugha ina lahaja

Kompyuta haijui kitu yenyewe. Hufuata maagizo yaliyoandikwa na mtu, mstari kwa mstari: chukua salio la mwanachama, ongeza riba, toa makato, andika jibu. Maagizo hayo huandikwa kwa lugha maalumu, na lugha hizo ni nyingi. Iitwayo COBOL ilianza kubuniwa mwaka 1959 na hadi leo inaendesha hesabu za mabenki na serikali nyingi duniani. Nyingine, Python, ilitolewa mwaka 1991.

Lugha hizi hubadilika kama zinavyobadilika lugha zetu. Kiswahili kilikuwa na lahaja nyingi kabla ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mzungumzaji wa Kimvita akisema "ndia", mtu aliyekulia Kiswahili cha shuleni atasita na kuuliza: una maana ya njia? Hapo hakuna hasara, kwa sababu kutoelewana kumeonekana wazi. Lakini akisema "ndoo" akimaanisha "njoo", mwenzake anaweza kwenda kutafuta chombo cha maji. Neno amelisikia, analijua, na bado amefanya kitu kingine. Hakuna aliyeuliza, maana hakuna aliyejua kwamba kuna tatizo.

Tuishike mifano hiyo miwili, ndia na ndoo. Programu ya zamani ikihamishiwa kwenye lahaja mpya ya lugha ileile, hukutana na makosa ya aina zote mbili, na aina ya pili ndiyo inayokula fedha za watu.

Miaka 11 ya kuhama Python

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Python, lugha iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum. Inapendwa kwa wepesi wake, na inatumika kwenye tovuti, mabenki, utafiti wa kisayansi na akili mnemba. Toleo la Python 2 lilitoka Oktoba 2000. Desemba 2008 likatoka Python 3, na safari hii wasimamizi wa lugha waliamua kusahihisha kasoro za tangu mwanzo, hata kama programu za zamani zingeacha kufanya kazi. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Python 2 hazikuweza kuendeshwa na Python 3 mpaka zirekebishwe.

Mpango wa awali ulikuwa kwamba Python 2 iache kuhudumiwa mwaka 2015. Mwaka 2014, ilipoonekana kuwa wengi hawajahama, tarehe ikasogezwa hadi 2020. Tarehe 1 Januari 2020 ikafika, na Aprili mwaka huohuo likatolewa toleo la mwisho kabisa la Python 2. Tangu Python 3 izaliwe mpaka nduguye azikwe, ilipita zaidi ya miaka 11.

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Sababu ya kwanza ni kwamba programu moja huegemea nyingine. Kampuni ikitaka kuhama, hukuta kwamba vipande inavyovitumia, vilivyoandikwa na watu wengine, bado havijahama. Wenye vipande nao wanasubiri waone kama watumiaji wao watahama. Kila mmoja anamtazama mwenzake nani atangulie.

Sababu ya pili ni ya kibiashara. Meneja anauliza: nikiwalipa vijana hawa mwaka mzima waandike upya kitu kinachofanya kazi, mteja atapata nini kipya? Jibu la kweli mara nyingi ni kwamba mteja hataona chochote. Kazi ikifanyika vizuri kabisa, kesho inafanana na jana. Ni kama kubadilisha msingi wa nyumba huku watu wakiendelea kuishi ndani.

Hata hivyo wapo waliofanikiwa. Instagram ilitangaza mwaka 2017 kwamba imehamia Python 3 bila kufunga huduma. Ilirekebisha maagizo yake kidogo kidogo, yakawa yanaweza kuendeshwa na matoleo yote mawili kwa wakati mmoja, kisha ikavuka taratibu. Dropbox, kampuni ya kuhifadhi mafaili, ilieleza mwaka 2018 kwamba kuhamisha programu yake ya kompyuta kuliichukua takriban miaka mitatu. Tukumbuke kwamba van Rossum mwenyewe, aliyeibuni lugha hiyo, alikuwa mfanyakazi wa Dropbox. Kama kampuni iliyokuwa naye ilihitaji muda huo, tuwe na shaka na fundi anayeahidi kumaliza kazi kama hiyo kwa wiki mbili.

Kosa linalopiga kelele na kosa linalonyamaza

Sasa turudi kwenye ndia na ndoo.

Katika Python 2, agizo la kuonyesha maneno kwenye kioo cha kompyuta liliandikwa bila mabano. Python 3 inataka mabano. Ukiipa Python 3 agizo la zamani, inakataa palepale na kukuonyesha mstari wenye kosa. Hiyo ndiyo "ndia". Inaudhi, lakini inasahihishwa kwa dakika chache, na zipo programu zinazoweza kufanya masahihisho hayo zenyewe kwa maelfu ya mistari.

"Ndoo" iko kwenye alama ya kugawanya. Katika Python 2, ukigawa namba kamili kwa namba kamili, jibu lilikuwa namba kamili, na kinachobaki kilitupwa. Saba kugawa kwa mbili ilikuwa tatu. Katika Python 3, alama ileile, kwa namba zilezile, inatoa tatu na nusu. Kompyuta hailalamiki wala haitoi onyo. Inaendelea na kazi kwa jibu jingine.

Msomaji anaweza kusema: tatu na nusu ndiyo sahihi, tatizo liko wapi? Tuchukue mfano wa hesabu tu. Chama cha akiba na mikopo kina faida ya shilingi 1,250,000 ya kugawia wanachama 300 sawa kwa sawa. Mgawo halisi ni shilingi 4,166 na senti 67. Programu ya zamani ilitupa senti, ikampa kila mwanachama 4,166. Jumla ikatoka 1,249,800, na shilingi 200 zilizobaki zikaingia mfuko wa chama. Miaka yote mhasibu amezoea hivyo, na vitabu vinalingana.

Programu ikahamishwa. Sasa jibu linatoka na senti, na sehemu nyingine ya programu inalikadiria kwenda shilingi iliyo karibu: 4,167. Mara 300 ni shilingi 1,250,100. Chama kimegawa shilingi 100 ambazo hakikuwa nazo. Shilingi 100 haimuumizi mtu. Lakini hesabu hiyohiyo ikifanywa kila siku, kwenye maelfu ya akaunti, kwenye riba na makato, vitabu vitaacha kulingana na hakuna atakayejua kwa nini. Mara nyingi wa kwanza kutazamwa kwa jicho baya ni mhasibu au karani, kumbe hajagusa hata senti.

Hapa ndipo penye kiini cha uamuzi wote. Kutafsiri maneno ya programu ni sehemu nyepesi. Kazi ngumu ni kujua mfumo wa zamani ulikuwa unafanya nini hasa, pamoja na mambo madogo ambayo hakuna aliyeyaandika popote lakini watu wameshayategemea.

Kubaki nako kuna gharama

Baada ya kusikia hayo, mtu anaweza kusema basi tusiguse kitu. Wahenga walisema bora nusu ya shari kuliko shari kamili. Lakini kubaki nako kuna gharama, ila hailipwi mara moja.

Gharama ya kwanza ni usalama. Lugha au mfumo ukishaachwa na waliokuwa wakiuhudumia, tundu jipya likigunduliwa hakuna wa kuliziba, na wezi wa mtandaoni wanalijua hilo. Wenye simu za miaka mingi wanaelewa: siku moja WhatsApp inakuambia haitafanya kazi tena kwenye simu hiyo. Simu haijaharibika, bali dunia iliyo nje yake imesonga.

Gharama ya pili ni watu. Aprili 2020, janga la korona liliposhika kasi, mamia ya maelfu ya wakazi wa jimbo la New Jersey nchini Marekani walipoteza kazi na kuomba mafao kwa mkupuo. Mfumo wa jimbo ulizidiwa. Gavana Phil Murphy alisimama mbele ya waandishi wa habari na kuomba watu wa kujitolea wanaoijua COBOL, akieleza kuwa baadhi ya mifumo yao ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Wengi wa wanaoijua lugha hiyo vizuri wameshastaafu. Familia zilizokuwa zikisubiri fedha ya chakula ndizo zilizobeba uzito wa uamuzi ulioahirishwa kwa miaka mingi.

Hivyo swali la wakati wa kuhama halikwepeki. Anayekataa kuchagua siku yake huchaguliwa siku na dharura, na kwa kawaida ni siku mbaya.

Benki iliyohama vibaya

Kwa upande wa pili yupo aliyehama kabla hajawa tayari. Benki ya TSB ya Uingereza ilikuwa ikitumia mifumo ya benki ya Lloyds, iliyokuwa mmiliki wake wa zamani. Aprili 2018 iliwahamisha wateja wake wapatao milioni 5.2 kwenda kwenye mfumo mpya wa mmiliki wake wa wakati huo, benki ya Sabadell ya Hispania. Hapa kilichobadilishwa kilikuwa mfumo mzima, zaidi ya lugha ya programu peke yake, lakini funzo ni lilelile.

Kwa mujibu wa wadhibiti wa Uingereza, taarifa za wateja zenyewe zilihama salama. Kilichoanguka ni mfumo mpya uliozipokea. Wateja hadi milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao kwa vipindi tofauti. Wapo waliofungua akaunti wakaona fedha za watu wengine. Mishahara na malipo yalikwama. Benki haikurejea hali yake ya kawaida mpaka Desemba mwaka huo. Mkurugenzi wake mkuu aliondoka Septemba 2018, na mwaka 2022 benki ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65, mbali na fidia ya pauni milioni 32.7 iliyowalipa wateja.

Kosa kubwa lilikuwa kuwahamisha karibu wote kwa mkupuo mmoja kabla mfumo haujajaribiwa vya kutosha. Mkulima anajua hatari hii. Ukipata mbegu mpya huipandi shamba zima msimu wa kwanza. Unatenga kipande, unaiangalia mvua yako na udongo wako, ndipo unaamua.

Kwetu Afrika Mashariki nako kumewahi kuwa na uhamaji mkubwa. Mitambo ya M-Pesa ya Kenya, huduma iliyoanza Machi 2007, ilikuwa Ujerumani kwa miaka kadhaa. Mwaka 2015 Safaricom iliihamishia Kenya pamoja na kuingiza mfumo mpya. Wenye vibanda na wateja wao waliendelea kutumia majina, namba za siri na salio zilezile. Ni jambo la kukumbusha kwamba kuhama kunawezekana.

Mjadala wa sasa: je, haraka inawezekana?

Mjadala huu umepamba moto tena. Machi 2025 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti mpango wa kuhamisha mifumo ya mamlaka ya hifadhi ya jamii ya nchi hiyo kutoka COBOL kwa muda wa miezi tu. Mamlaka hiyo hulipa pensheni na mafao kwa watu wapatao milioni 70, na programu zake zimeripotiwa kuwa na mistari zaidi ya milioni 60 ya COBOL. Mpango wake wa awali, wa mwaka 2017, ulikadiria kazi hiyo kuchukua takriban miaka mitano.

Wanaotaka haraka wana hoja. Siku hizi akili mnemba inaweza kusoma maagizo ya lugha ya zamani na kuyaandika kwa lugha mpya kwa kasi ambayo binadamu hawezi. Hilo ni kweli, na litapunguza gharama. Lakini tukumbuke ndoo. Kuandika upya hakujawahi kuwa sehemu ngumu zaidi. Bado lazima mtu athibitishe kwamba mjane wa kijiji fulani atapata mwezi ujao kiasi kilekile alichokuwa akipata mwezi uliopita, mpaka senti. Uthibitisho huo unataka muda wa kulinganisha mfumo wa zamani na mpya ukifanya kazi ileile. Mashine inaweza kusaidia kulinganisha, lakini haiwezi kuamua ni tofauti ipi ni kosa na ipi ni sahihisho. Hilo linamhitaji anayeijua kazi yenyewe.

Kwa maoni yetu, mfumo unaobeba fedha za watu usihamishwe kwa sababu lugha yake imezeeka peke yake. Uhamishwe pale unapokosa wa kuuhudumia, unapokosa marekebisho ya usalama, au unaposhindwa kufanya kazi ambayo watu wanaihitaji sasa. Na ukihamishwa, uhamishwe kipande kwa kipande, ule wa zamani ukiwa bado unapumua pembeni.

Je, chama chako kikibadilisha mfumo?

Haya si mambo ya Ulaya na Marekani pekee. Nchini Tanzania, Tume ya Maendeleo ya Ushirika imekuwa ikiviingiza vyama vya ushirika kwenye mfumo wa kidijitali uitwao MUVU. SACCOS na AMCOS nyingi zimetoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta, au kutoka programu moja kwenda nyingine. Mwanachama hahitaji kujua Python wala COBOL ili aulize maswali ya maana kwenye mkutano mkuu. Tunapendekeza haya matano.

Kwanza, tunahama kwa nini? Jibu "kwa sababu ni ya kisasa" halitoshi. Uongozi useme mfumo wa sasa umeshindwa wapi.

Pili, mifumo miwili itaendeshwa sambamba kwa muda gani? Angalau kipindi kimoja kamili cha hesabu, kwa mfano mwezi mmoja wa makato au msimu mmoja wa malipo ya mazao, kifanyike kwenye mifumo yote miwili na majibu yalinganishwe. Yakitofautiana hata kwa shilingi moja, sababu itafutwe kabla ya kuendelea.

Tatu, ikishindikana, tunarudi vipi? Nakala ya taarifa zote za zamani iwepo, na ihifadhiwe mahali pengine mbali na kompyuta ile ile.

Nne, fundi akiondoka nani anaujua mfumo? Kama jibu ni mtu mmoja tu, chama kimehama kutoka shimo moja na kuingia jingine.

Tano, nani atajibu malalamiko ya wanachama wiki ya kwanza, na atapatikana wapi?

Wewe mwenyewe una kazi moja ndogo. Ukisikia mfumo unabadilishwa, omba taarifa ya salio lako iliyochapishwa na kugongwa muhuri kabla ya siku hiyo, au andika salio, mkopo uliobaki na hisa zako kwenye daftari pamoja na tarehe, kisha mwombe karani aweke sahihi. Kwa fedha za kwenye simu, usifute ujumbe wa muamala wa mwisho. Baada ya mabadiliko, linganisha. Ukikuta tofauti, toa taarifa mapema na kwa maandishi, na usikubali kuambiwa tu kwamba "mfumo ndio unasema hivyo". Mfumo husema kile ulichoandikiwa, na unaweza kuwa umesikia ndoo pale ulipoambiwa njoo.